Chaguo la Mbombo

Tarehe 24 Machi 1993, siku ya Jumatano, Mbombo Kazadi Bernadette, mzaliwa wa Kapata, mtaa wa hapa hapa Kolwezi, mwenye umri wa miaka kumi na tisa, aliketi kwenye benchi letu sisi wazee nje ya stesheni ya Kolwezi. Familia yake, yenye asili ya Kasai, jimbo lingine la nchi hii hii, ilikuwa imefukuzwa nyumbani kwa sababu ya asili hiyo, nayo ilikuwa ikingoja treni ya kwenda huko kwa wiki ya tatu. Alasiri hiyo padri mmoja angepeleka fomu yake chuo kikuu, Kinshasa. Mimi, karani kwa miaka thelathini na mmoja, nilikuwa nimekwisha kuijaza kwa mwandiko wangu; lilibaki chaguo la masomo tu. Mama Huguette, muuza kahawa wa stesheni, akatumiminia vikombe.

— Andika relations internationales, akasema Tata Henri, dereva wa treni mstaafu tuliyemwita Boussole, yaani dira. Atakuwa ambasadera. Bale banamufukuza njo batamubebea valise.

— Asome lettres, lugha na vitabu, akajibu mwalimu Gracien, tuliyemwita Diksionere, yaani kamusi. Muntu wa lettres anabeba muji muzima mu kichwa. Kapata yote, na maua ya mama yake. Hakuna askari wa kumunyanganya.

— Na mvua ikinyesha, atalala mu kichwa?

— Ambasadera wako naye atalala mu drapeau, mu bendera yake?

Mbombo akacheka. Diksionere akapata nguvu.

— Bakubwa balisema: mugeni siku mbili, ya tatu umupe jembe. Kalamu njo jembe.

— Mi si mugeni, tata.

Diksionere akainamia kikombe chake. Boussole akaja kumwokoa.

— Ambasadera atasaini reli ya kupita juu ya mawingu. Kila muntu atashuka pa mulango yake.

— Na kila stesheni itasomewa shairi, akanong'ona Diksionere.

Kila mmoja akaitazama reli iliyokuwa mbele yetu.

Ndipo Mama Tshiela, mamaye Mbombo, akafika kumwita bintiye.

— Relations internationales njo nini?

— Kujua namna inchi moja inaishi na ingine, mama, akasema Boussole.

— Basi muniambie. Kutoka hapa mpaka Kasai, tutapita mu inchi ngapi?

Mbombo akaivuta fomu kwake.

Diksionere husimulia kwamba Mbombo aliichana fomu. Sivyo. Alichukua kalamu yangu, akaandika Lettres. Kisha akarudi juu ya ukurasa, penye swali la asili, nilipokuwa nimeandika Kasai bila kumwuliza. Akalikata neno hilo kwa mstari, akaandika Kapata. Padri akaondoka nayo hivyo.