Mzee Siku Kumi, Afisa wa Wanyama wa Manispaa

Marehemu baba yetu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mzee Siku Kumi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, kifungua mimba wa fundi seremala. Mama yake alipofariki, yeye ndiye aliyekuwa akimbeba mgongoni mdogo wake wa pekee hadi shule ya msingi. Alimaliza sekondari mwaka 1976, kisha akasomea afya ya mifugo.

Tarehe 2 Januari 1980 aliajiriwa na manispaa kuwa afisa wa udhibiti wa wanyama, kazi aliyoifanya miaka thelathini na saba. Wengi walidhani kazi hiyo ni kuua mbwa. Yeye alitembea na nakala ya sheria ndogo iliyochakaa, akiwasomea waliokuja na marungu: afisa anaruhusiwa kumchukua mnyama aliyeuma, lakini havuki geti bila idhini ya mwenye nyumba au hati ya mahakama, na mnyama huyo hukaa bandani siku kumi akiangaliwa kama ana kichaa cha mbwa, hauawi, wala mwenye mnyama hamkaribii.

Mwaka 1984 alimpelekea binti mmoja onyo la maandishi kwa sababu mbuzi wake walizurura barabarani, akampa siku saba. Siku ya tatu akarudi. "Bado siku nne, afisa," akaambiwa. Akajibu kwamba amekuja kuwajulia hali mbuzi. Walifunga ndoa tarehe 9 Agosti 1985, naye ndiye mama yetu.

Mwaka 2006 mbwa wa mdogo wake alimuuma jirani, fundi cherehani. Baba mdogo alimsihi amwache mbwa afungwe nyumbani, kimyakimya. Baba akakataa, akaja na hati ya mahakama, akampakia mbwa garini yeye mwenyewe. Kila asubuhi baba mdogo alifika bandani na sufuria ya chakula, na kila asubuhi baba alimzuia mlangoni. Siku ya sita mbwa akafa. Sheria ilitaka kichwa kipelekwe maabara; daktari wa mifugo alikuwa safarini, kwa hiyo baba akakikata kwa mkono wake. Majibu yakaja: hakuwa na kichaa. Alikuwa amegoma kula tu.

Ndugu hao hawakusemezana miaka kumi na minane.

Mei 2024 baba aligundulika kuwa na saratani ya ini. Tarehe 19 Septemba baba mdogo aliingia wodini, akaketi, akawa anakunjakunja pindo la shuka.

"Kaka, ungeniambia tu kwamba na wewe uliumia."

"Nilikuwa kazini."

"Hata jioni?"

Baba aligeukia ukutani, mabega yakitikisika. Mdogo wake akavua viatu, akapanda kitandani, akamkumbatia kwa nyuma. Hakuondoka tena hadi alfajiri ya tarehe 21, baba alipokata roho.

Ameacha mdogo wake, aliyetuomba tumtaje kabla yetu sote. Ameacha mjane, watoto watatu na wajukuu watano. Mungu ampe utulivu ambao kazi haikumpa, na apumzike.