Agripina Kinunda na Baiskeli Arobaini Zilizobaki Bandarini

Mapadre, wazee, wenyeji wetu wa Liuli na sisi tuliotelemka kutoka Litembo, mimi ni Nicholaus Kinunda, mdogo wa marehemu, familia imeniagiza niwasomee maisha yake, nami nimekubali ingawa kuna mahali humu nitajisomea mashtaka yangu mwenyewe.

Marehemu Agripina Bernadi Kinunda alizaliwa tarehe 14 Machi 1944 kijijini Litembo, mtoto wa pili wa mzee Bernadi na mama Tadea, akasoma hapohapo hadi darasa la nane mwaka 1959, kisha akajifunza ukarani mjini Songea, na kuanzia 1963 akawa karani wa chama chetu cha msingi cha kahawa hadi mwaka 1994, wanunuzi binafsi walipoingia na ofisi ikafungwa, naye akakabidhi funguo bila kumlaumu mtu, jambo ambalo mimi nisingeliweza.

Tarehe 8 Oktoba 1966 alifunga ndoa na marehemu shemeji yetu Daniel Haule, fundi mwashi wa hapa Liuli, wakajaliwa watoto watatu, Edmund, Notburga na Jacqueline, na Notburga alipopooza miguu akiwa na miaka mitatu, mama yake alimbeba mgongoni hadi mgongo ukakataa.

Mwaka 1995 tulianzisha chama cha kusaidia walemavu wa milimani na wa ziwani, mimi mwenyekiti, yeye katibu, na Novemba 1997 wafadhili wakatuletea baiskeli arobaini za magurudumu matatu, za kuendeshwa kwa mikono, zikakwama bandarini kule pwani kwa kuwa vyama kama chetu havikuwa kwenye orodha ya msamaha wa kodi, na kodi yenyewe hatukuiweza. Marehemu akasema dawa ni kuwaomba wabunge wairekebishe orodha, na ombi liwafikie kabla ya Juni, bajeti inaposomwa, akanisihi niitishe mkutano mkuu mwezi Machi. Ndugu zangu, Machi sisi Wamatengo tunachimba ngoro, yale mashimo yetu ya kulimia milimani, na mikutano yetu yote tangu enzi za ushirika hukaa Septemba, kahawa ikishauzwa, watu wana nauli na wana moyo, kwa hiyo nilimjibu kwamba bajeti ingoje kahawa kama sisi sote tunavyoingoja, na watu wakacheka, nami nikajiona nimesema.

Aprili 1998 alikwenda peke yake Mbinga kumwona mheshimiwa mbunge, akapokelewa vizuri, ila akaelezwa kwamba barua isiyo na muhtasari wa mkutano ni ya mtu mmoja, haiwezi kufika kwenye kamati ya Bunge kama ombi la chama, akarudi, akaisikiliza bajeti redioni, nasi tukakaa Septemba, tukapitisha ombi kwa makofi, bajeti ikiwa imekwisha kupita. Februari 1999, kwa kuwa ombi la Septemba lilihesabiwa la bajeti iliyopita na kamati ilitaka jipya, nilisalimu amri, nikaitisha mkutano mvua ikinyesha, wakaja watu kumi na tisa, muhtasari ukaandikwa, marehemu akaenda Dodoma, akasimama mbele ya kamati dakika saba, akaeleza bila kulia, na Juni vifaa vya walemavu vikaingia kwenye orodha. Alipofika bandarini na furaha yake, alionyeshwa karatasi kwamba baiskeli zile ziliuzwa kwa mnada Desemba 1998, kama mizigo yote isiyokombolewa. Hakunilaumu, na afadhali angenitukana.

Agosti 2000 alianza kuumwa ini, akatibiwa hapa Liuli, kisha Litembo, na hata alipokuwa hawezi kula aliwaandikia wafadhili barua tatu, ambazo hazijajibiwa, hadi alipofariki Jumatano tarehe 21 Februari 2001, saa kumi alasiri, akiacha watoto watatu na wajukuu watano, na Notburga, mliyemwona akiletwa na kaka yake mgongoni, ana miaka ishirini na tisa na bado hajafika sokoni kwa nguvu zake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliolala nasi msibani, wanachama wenzetu, na mama Serafina aliyemwogesha marehemu kila siku bila kuombwa. Mimi sijui niombe msamaha kwa nani, maana aliyepaswa kunisamehe ndiye huyu tunayemzika.

Pumzika kwa amani, dada Agripina, umengoja ya kutosha, na mimi uliyekuwa ukiningoja nimekuja mikono mitupu.