Kikombe cha Marehemu Karani

Katika basi la asubuhi, mbele yangu, mama mmoja msafishaji wa ofisi alikuwa akimsimulia mlinzi aliyeketi naye. "Karani wetu ana wiki tatu kaburini, kaka. Ufunguo wa chumba chake ninao mimi tu. Kila nikifungua nifagie, nakuta kikombe chake kimeoshwa, bado kinachuruzika maji."

"Labda panya, dada."

Panya wa kuosha vyombo mimi sijawahi kuwasikia.

"Jana nikakitupa jalalani," mama akasema. "Leo ndiyo naogopa kuingia."

"Ingia tu. Ukikuta hakipo, roho itatulia."

"Na nikikikuta?"

Basi likasimama, kondakta akauliza nani anashukia maofisini. Mama aliukumbatia mkoba wake, akatazama chini.