Mama Florentine na Watoto Thelathini na Wanane wa Lupango Moja

Tarehe 5 Julai mwaka huu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi, Mama Florentine Mushiya, katibu wa shule yetu ya msingi Tujitume, hapa Kolwezi, anastaafu. Amefanya kazi na madirekta sita, na wote sita walimwuliza faili ziko wapi.

Wazazi watamkumbuka kwa mwandiko wake mzuri. Sisi wa ofisini tutamkumbuka kwa uchunguzi ambao haukumkamata mtu.

Miaka minne iliyopita shule ilipata madarasa mapya yenye paa lisilovuja, na kamati ikaamua kwamba nafasi ni za watoto wanaoishi mtaani petu tu. Mwezi huohuo wakazi wakaongezeka ajabu, ingawa hakuna aliyeona hata nyumba moja ikijengwa. Watoto thelathini na wanane waliandikishwa kwa anwani moja: lupango, yaani kiwanja, ya Tata Asani, msafirishaji mwenye vyumba viwili na stoo ya mizigo. Mama Florentine akatumwa kuthibitisha udanganyifu.

Kanuni ilimtaka atoe taarifa ya maandishi siku tatu kabla. Akaitoa. Alipofika saa kumi na mbili asubuhi, aliwakuta wote thelathini na wanane uani, sare safi, wakipiga mswaki.

"Bote banalala hapa?" akauliza.

"Mama, batoto badogo habakamatake nafasi mingi," Tata Asani akamjibu kwa upole.

Majirani waliunga mkono kila neno, maana nao walikuwa na wageni wao wa kwenye karatasi. Shefu wa mtaa, aliyegonga muhuri kwenye vyeti vyote vya makazi, alieleza kwamba muhuri wake unaonyesha tu kuwa mtu alifika ofisini kwake. Hilo halikuwa uongo.

Mwenyekiti wa kamati, Tata Stéphane, akataka angalau mtoto mmoja afukuzwe ili wengine waogope. Akachaguliwa Tania wa darasa la pili, kwa kuwa mama yake, Annie, muuza mihogo, hakuwa na mtu wa kumsemea. Mama Florentine akamfuatilia wiki nzima, kwa miguu. Jumatatu Tania alilala kwa shangazi yake, ng'ambo ya reli. Jumanne na Jumatano, mama yake akiwa Kasaji kununua mihogo, alilala kwenye stoo ya Tata Asani, juu ya magunia. Alhamisi mama alirudi, wakalala kwa rafiki yake wa sokoni. Ijumaa Mama Florentine akachoka kubahatisha, akamwuliza mtoto kwao ni wapi.

"Siku gani, Mama?" Tania akauliza.

Jibu hilo liliandikwa kwenye ripoti kama lilivyo. Mbele ya kamati, Mama Florentine aliuliza swali moja tu: ili mtu ahesabiwe mkazi, kanuni inataka alale mtaani usiku ngapi kwa wiki? Hakuna aliyekuwa ameliwaza hilo. Wakabishana saa mbili. Walipokaribia kukubaliana juu ya usiku nne, mtu mmoja akakumbuka kwamba mtoto wa Tata Stéphane hulala kwa bibi yake, upande mwingine wa mji, tangu Jumapili hadi Ijumaa. Kikao kikafungwa kwa sala. Tania akabaki darasani, na Mama Florentine akapewa barua ya onyo kwa kukosa ushahidi.

Tusidhani alifurahi. Baraka, mtoto wa nyumba inayopakana na shule, mkazi asiye na shaka, alikuwa akisoma ameketi sakafuni. "Nilishindwa kumutoa moya, na ule mwingine naye hana kiti," alituambia, na siku ile hakunywa chai. Tangu hapo alisafiri mara tisa kwenda kwa wakaguzi kuomba masomo ya alasiri. Walimkubalia mara ya tisa, labda kwa kuchoka kumwona. Leo watoto sitini na mmoja husoma mchana, na Baraka ana dawati. Mwaka huu Tania amefaulu mtihani wa mwisho wa msingi. Fomu yake ya sekondari, kwenye mstari wa anwani, Mama Florentine aliijaza mwenyewe: "Kolwezi."

Mama, tunakushukuru kwa kazi uliyoifanya, na zaidi kwa ile uliyoshindwa kuifanya. Huko Lubudi, shambani kwa dada yako, tunakuombea afya, mvua ya wakati wake, na usingizi mzuri kila usiku, mahali pamoja.