Mchuzi wa Tuumasi

Nyinyi mnaonong'ona kwamba Tuumasi Kanayuk anafukuzwa na mchuzi wake, fungeni midomo. Mtu amezifufua mashine zenu za kupanda kwenye theluji miaka thelathini na moja, halafu mnakaa mnamcheka huku mnangoja kula chakula cha sherehe yake? Hakuna aliyemfukuza. Anastaafu leo Ijumaa, tarehe thelathini Aprili, kwa kutaka kwake. Ilivyokuwa nitaeleza mimi, maana nilikuwepo. Nakaa dirisha la vipuri katika karakana ya hapa kijijini Kuuvik tangu baadhi yenu hamjaota meno, na hayo maturubai yanayofunika injini zenu nimeyashona kwa mikono hii.

Tuumasi alianza kazi akiwa kijana mwenye maringo, na maringo bado anayo. Hajawahi kumrudishia mtu mashine bila kumwambia kwamba aliyeiharibu ni yeye mwenyewe. Akiletewa injini inayokohoa, anachomoa plagi na kuitazama kama mama anavyotazama ulimi wa mtoto mgonjwa. Plagi nyeusi, injini imevimbiwa mafuta. Nyeupe, ina njaa. Mchungaji wetu aliwahi kuleta yake imezimika kabisa, maji yameganda kwenye mpira wa mafuta. Tuumasi akamwambia, "Mchungaji, hii ombea tu. Umeinywesha maji."

Lakini vita vyake vikubwa vilikuwa juu ya chakula. Nani hapa hajafunga mkebe wa nyama kwenye bomba la moshi ili akifika safarini akute chakula cha moto? Tuumasi alipiga marufuku. Alitundika ubao juu ya mlango: INJINI SI JIKO. Akikuta mkebe wako ndani, mbwa wanakula. Nyama yangu ya sili wa baharini waliila mbwa, na jambo hilo sijalisahau.

Sasa sikilizeni habari ya Machi. Karibu wote mlikuwa mmekwenda kijiji cha jirani kwenye mashindano ya magongo. Mume wangu Jaani alikuwa anavua samaki kwenye barafu ya ziwa la ng'ambo ya vilima. Akaita kwa redio ya mkononi: mkanda wa mashine umekatika, wa akiba hana, na upepo unaanza. Lisi Papiq, fundi wetu wa pili, akafunga kigari cha kubebea wagonjwa nyuma ya mashine ya uokoaji, akaondoka. Hakufika hata uwanja wa ndege. Tukamwona anarudi akitambaa, taa nyekundu inawaka, injini imekataa kushika kasi.

"Inasema imechemka," Lisi akasema.

Tuumasi akavua glavu, akaweka kiganja juu ya injini. Baridi. Akamgeukia Lisi mbele yetu sote. "Sensa ya joto uliifunga wewe juzi. Uliifunga kwa miguu?"

"Niliifunga ulivyonifundisha, mzee."

"Basi nilifundisha jiwe!"

Mimi nilikuwa nimeshika redio, Jaani ananiambia hasikii tena vidole vya mguu. Mashine zilizobaki kijijini zilikuwa zile ndogo za kwendea dukani, haziwezi kuvuta kigari kile kupanda vilima. Ama hii ipone, ama mume wangu abaki kule.

Tuumasi akafunga sensa mpya. Taa inawaka. Akachomoa waya kabisa, sensa ikawa haina kazi yoyote. Taa bado inawaka! Hapo hata mimi nilielewa: sensa haina kosa, uongo unatoka kwenye waya. Akaufuata waya kwa vidole mpaka kwenye soketi iliyojificha chini ya bomba la moshi. Akaifungua. Harufu ikatupiga. Soketi nzima ilikuwa imeganda mchuzi wa sili wenye chumvi, shaba imeota kijani, pini zimeshikana. Pembeni kipande cha kitambaa chekundu cha mistari kilikuwa kimenasa kwenye bomba.

Kitambaa kile kila mtu karakanani anakijua. Ndicho anachofungia chakula chake Tuumasi.

Nilisimama kama niliyepigwa kofi. Lisi alikitazama, akainamisha macho. Yule mzee angeweza kukitia mfukoni, sisi tukafunga midomo. Akakiinua juu tukione.

"Mchuzi ni wangu," akasema. "Jumapili nilikwenda kuijaribu, njaa ikanishika." Alisema hivyo amesimama chini ya ubao wake mwenyewe.

Akakata soketi ile, akaunga waya kwa waya, akafunga kwa utepe. Taa ikazimika. Lisi aliondoka kabla hatujamaliza kushusha kifuniko, akamleta Jaani ndevu zimejaa barafu. Kidole kidogo cha mguu kilikuwa kimekwisha kufa, kikakatwa. Jaani, ambaye akili yake mnaijua, aliuliza kama mchuzi ulibaki.

Mlirudi na kikombe chenu, mkasikia nusu ya habari, mkaanza kusema Lisi hajui kufunga sensa. Hayo yakamfika Tuumasi. Siku ya bingo, ule mchezo wa namba, sote tumekaa na kadi zetu tunasikiliza redio ya kijiji, namba zikakatika. Nikasikia sauti yake. "Mchuzi ulikuwa wangu. Lisi hana kosa. Nilimkaripia mbele za watu, basi namwomba radhi mbele za watu. Mwisho wa Aprili funguo za karakana ni zake." Kadi ilinidondoka. Mtangazaji mwenyewe alisahau namba aliyofikia. Miaka yote hiyo sikuwahi kumsikia Tuumasi akisema amekosea, hata kuhusu hali ya hewa.

Basi nawauliza wanong'onaji. Kidole kilichokatwa ni cha mume wangu, na anayesema haya ni mimi. Kama mimi nimemalizana naye, wewe unadai nini?

Asante, shemeji Tuumasi, kwa kila aliyerudi nyumbani kwa sababu mashine yake iliwaka. Pumzika vizuri, uwe na afya, ule vya moto, lakini ule jikoni kwako. Lisi, funguo zako hizo, usizipokee umeinamisha kichwa.

Na sasa, kabla mtu hajagusa sahani, tokeni nje wote mkafungue vifuniko vya mashine zenu, mtoe kila mkebe uliomo. Lisi atapita na tochi, na mimi nyuma yake. Tuumasi, anza wewe.