Melania, Aliyebonyeza Miguu ya Watoto

Ndugu waombolezaji, mimi ni Gervasi, mdogo wake marehemu. Mnivumilie nikisoma polepole, usingizi hatujauona.

Dada Melania alizaliwa tarehe 9 Juni 1976 katika makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, Tanzania, ambako wazazi wetu walikimbilia kutoka Bukirasazi, Burundi. Alisoma hapo hapo hadi darasa la saba, mwaka 1991. Sekondari alichaguliwa, ila ada haikupatikana.

Tarehe 4 Oktoba 1997 alifunga ndoa na shemeji yetu Godfrey. Mtoto wao wa kwanza, Desideri, alikuzwa kwa ugali wa muhogo na chai ya sukari, kama watoto wengi wa pale. Mashavu yakajaa, majirani wakamsifu kwa unene. Kumbe ulikuwa uvimbe wa utapiamlo. Alifariki mwaka 1999, hajatimiza miaka miwili. Dada hakupona jeraha hilo.

Waliporudi Bukirasazi mwaka 2009, alijitolea kuwafundisha akina mama kupika uji wa mahindi, soya na ndagala, yaani dagaa, na kumpa mtoto yai badala ya kulipeleka sokoni. Kila mtoto alimbonyeza mguu kwa kidole gumba kabla hata hajamsalimia mama yake. Shimo likibaki, dalili ya uvimbe ule ule, safari ya kituo cha afya ilianza. Kwenye ubatizo mmoja alimbonyeza binti wa wifi yake Kasilda, na Kasilda akawaka: "We Melania, mtoto yangu iko mnene, ni Mungu amempa! Unamuonea wivu?" Dada alisumbua mpaka mtoto akapelekwa. Alitibiwa, uvimbe ukaisha, na Kasilda akalalamika tena: "Mi nilikupa mtoto mnene, unanirudishia mwembamba!" Siku hizi ni wifi mwenyewe anayesimulia kisa hicho, huku akicheka.

Mwaka 2018 walihamia Muyinga, Godfrey alipopata kazi ya kupakia mizigo mpakani Kobero. Dada akaanza upya, kilima kwa kilima. Tuseme ukweli, alichoka. Uliyemfundisha leo, kesho anauza mayai amnunulie mtoto biskuti. Aliomba mara nyingi apatikane mtu wa kumpokea kazi. Kila mmoja alijibu, "Tutaona."

Februari mwaka huu aligunduliwa kuwa na saratani ya tumbo. Alilazwa, kisha akarudishwa nyumbani. Hata hapo akina mama waliendelea kuingia na watoto wao. Binti yake Lucia alimsihi apumzike. "Nitapumzika, mwanangu," alijibu. "Ngoja nimtazame huyu mmoja." Alifariki Jumanne, tarehe 21 Oktoba 2025, alasiri.

Ameacha mume, mabinti wawili, Lucia na Josefina, wajukuu wanne, na mimi mdogo wake.

Saa ile anakata roho, mama mmoja alikuwa barazani, mtoto mgongoni, akisubiri zamu. Tulimwambia arudi nyumbani. Nyumba nzima hakuwemo aliyejua kumtazama yule mtoto.

Mungu ampe dada pumziko ambalo sisi hatukumpa.