Mama Shavu, Mchanganyaji Aliyekataa Kusaini

Ijumaa hii, baada ya miaka thelathini na miwili kiwandani, mchanganyaji mkuu wa krimu zetu anastaafu. Wote tunamwita Mama Shavu, naye huitika.

Jina alilipata kazini. Kila krimu mpya huijaribu kwanza kwenye shavu lake la kushoto kwa wiki sita, la kulia haligusi. Hata kwenye harusi ya mwanawe alikwenda na chunusi upande mmoja, akamwamuru mpiga picha asimame upande wa pili.

Miaka minne iliyopita, wateja wenye ngozi ya chunusi waliilalamikia krimu yetu ya uso. Watu wa mauzo wakaitupia lawama nta, ile inayoshikanisha maji na mafuta yasitengane. Mama Shavu naye akaandika ripoti ya kuihukumu. Kisha akagundua kosa lake: siku aliyoongeza nta, alibadilisha pia mafuta, kwa hiyo hakujua ni kipi kilicholeta chunusi. Akaichana ripoti mbele yetu, akaanza upya. Nta na mafuta mazito, vipele tele. Nta ileile na mafuta mepesi, shavu safi.

Mauzo wakashangilia, wakaandaa lebo: "Haileti chunusi kwa ngozi yoyote." Hapo akawawakia. Binti wa dada yake alikuwa ameitumia krimu hiyo nyepesi, vipele vikamwota kidevuni. Alisema nta inawafaa wengi, si wote. Mwenye chunusi ajaribu kidogo chini ya taya kwanza, aone. Lebo haitoki kiwandani bila saini ya mchanganyaji mkuu, na yeye aligoma.

Wakubwa wakamhamishia stoo ya chupa miezi kumi na minne, wakidhani atalegea. Wapi! Alihesabu vifuniko huku akiimba.

Aliyewekwa mahali pake nilikuwa mimi, na lebo ikaletwa kwangu niisaini. Niliogopa, sifichi, nina watoto shuleni. Nikamfuata stoo kumwuliza nifanyeje. Alinipa kopo la krimu, akasema, "Kajipake kwanza, mwanangu, ndipo uje tuongee." Wiki ya tatu nilikuwa na vipele vitano. Sikusaini, na mwishowe wakamrudisha.

Ahsante, mama, kwa kutufundisha kazi na ukaidi. Tunakuombea afya njema, usingizi mnono na wajukuu wasumbufu kiasi. Nenda bila wasiwasi. Jana lebo ile ililetwa tena mezani kwangu, kwa kuwa wanajua unaondoka na mimi ndiye ninayeshika nafasi yako. Nimeirudisha ilivyokuja.